Juri ya Wazungu katika Mahakama za Kenya ya Kikoloni

Wakati wa utawala wa Waingereza nchini Kenya, rangi ya mshtakiwa ndiyo iliyoamua nani atapima ushahidi dhidi yake. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuhukumiwa na juri ya Wazungu watupu. Mwafrika alisimama mbele ya jaji wa Kizungu aliyeketi pamoja na wazee wa baraza. Uamuzi wa juri kuhusu hatia ulikuwa na nguvu ya kisheria, lakini maoni ya wazee yalikuwa ushauri tu, na jaji aliweza kuyasikiliza kisha akaamua kinyume. Ubaguzi haukuwa siri ya moyo wa mtu, bali ulikuwa umeandikwa katika sheria.

Hata mwanzoni mwa miaka ya 1920 Wazungu wa Kenya hawakufika 10,000. Wanajuri na mshtakiwa walitoka katika jamii hiyo ndogo, yenye vilabu vilevile na mashamba yaliyolimwa na vibarua wa aina ileile. Mlowezi aliyepima kesi ya mlowezi mwenzake alikuwa pia anapima mamlaka yake mwenyewe juu ya wafanyakazi wake.

Mwaka 1911 Galbraith Cole, shemeji wa kiongozi wa walowezi Lord Delamere na mwenye shamba karibu na Ziwa Elmenteita, alimpiga risasi Mwafrika aliyemshuku kumwibia kondoo, na mtu huyo akafa. Juri ilimwachilia huru. Serikali ya London haikuridhika, ikaamuru afukuzwe nchini. Kwa hiyo aliyeachiliwa na mahakama aliadhibiwa na wanasiasa, ishara kwamba hata watawala wenyewe hawakuuamini uamuzi ule. Baadaye Cole aliruhusiwa kurudi.

Kesi ya Kitosh, mwaka 1923, inaumiza zaidi. Kijana huyo Mwafrika alitumwa kumleta farasi jike wa mwajiri wake, Jasper Abraham, akiwa ameagizwa amwongoze kwa miguu. Akampanda. Kwa kosa hilo alichapwa vibaya, akafungwa kamba na kuwekwa ghalani, na usiku huohuo akafa. Daktari aliyeuchunguza mwili alisema majeraha ndiyo yaliyomuua. Madaktari wa upande wa utetezi walileta hoja nyingine: kwamba Kitosh alikufa kwa sababu alitaka kufa, kwani kulikuwa na ushahidi kwamba alisikika akisema hivyo. Mtu aliyepigwa hadi akaikatia tamaa roho yake aligeuzwa kuwa chanzo cha kifo chake mwenyewe. Juri, iliyoketi Nakuru, ilimtia Abraham hatiani kwa kujeruhi vibaya badala ya kuua, naye akafungwa miaka miwili. Karen Blixen, aliyekuwa mlowezi, aliisimulia kesi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1937, na ndiyo maana jina la Kitosh bado linajulikana.

Mambo yalibadilika polepole, na siasa ilichangia. Bado Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya kizuizini ya Hola, na hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji yao. Lakini Oktoba mwaka huohuo Peter Poole, mhandisi jijini Nairobi, alimpiga risasi na kumuua Mwafrika, Kamawe Musunge, aliyekuwa amewarushia mawe mbwa wake. Juri ya Wazungu ilimtia hatiani kwa mauaji ya kukusudia. Rufaa zake zilishindwa, Gavana Patrick Renison akakataa kumsamehe licha ya maombi ya Wazungu wengi, na tarehe 18 Agosti 1960 akanyongwa. Hakuna Mzungu mwingine aliyekuwa amenyongwa Kenya kwa kumuua Mwafrika. Wanajuri wale walistahili heshima, lakini kesi moja iliyokwenda sawa haikufuta nusu karne ya zile zilizopindishwa.

Juri ya Wazungu ilitoweka pamoja na ukoloni. Wazee wa baraza walibaki hadi mwaka 2007, sheria ilipowaondoa. Leo jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya huamua kesi ya mauaji bila wao, na analazimika kuandika sababu za hukumu yake, jambo ambalo juri haikutakiwa kulifanya. Sababu hizo husomwa na kukosolewa katika Mahakama ya Rufaa, na Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kusikilizwa na mahakama isiyopendelea upande wowote.