Kupe-kupe asubuhi, kikwembe mchana: historia ya Agosti mosi

Alfajiri ya Agosti mosi, baiskeli za toleka hapa Kisangani hazibebi mizigo ya kila siku. Nyuma ya dereva, juu ya kile kiti cha sponji, mama mmoja amekaa ubavu, jembe dogo mapajani, ndoo ya chokaa mkononi. Anayemfuata ameviringisha kupe-kupe yake ya kufyekea majani katika kitambaa isije ikamkata mtu njiani. Wote wanakwenda upande mmoja, makaburini.

Mlangoni vijana wenye mapanga wameshatangulia. "Mama, tulime? Tutafanya bei muzuri!" Koko mmoja, bibi niliyekuwa nyuma yake, mwenye miaka sabini na kitu, hakupunguza hata mwendo. "Bei ya nini?" alisema. "Huyu njo mama yangu." Akainama, akaanza kung'oa majani kwa mkono.

Nchi nyingi zina siku ya mama na siku ya baba, tena kwa tarehe mbalimbali. Sisi Wakongomani tuliwaweka wote siku moja, kisha tukawaongeza na waliokufa. Kwenye orodha ya sikukuu za taifa inaitwa siku ya wazazi tu, maneno matatu yasiyotaja kaburi hata kidogo. Lakini kila mtu anajua mpango wake: asubuhi ni ya wafu, mchana ni ya walio hai. Ofisi hufungwa, na wanafunzi tayari wako likizo.

Wazee wetu hawakuzaliwa na tarehe hiyo. Mapadri wa Moyo Mtakatifu, wakiongozwa na Gabriel Grison, walianzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli hapa, palipoitwa Stanley Falls, siku ya Noeli ya mwaka 1897, na kalenda yao ikaingia pamoja nao: Novemba mosi kwa Watakatifu Wote, Novemba mbili kwa Marehemu Wote. Enzi za Wabelgiji, siku ya kukumbuka wafu ilikuwa ya mshumaa, maua na maji ya baraka. Mzungu alizikwa kwake na Mwafrika kwake. Hata udongo ulikuwa na mtaa wa weupe na mtaa wa weusi.

Kisha akaja Mobutu. Alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965, na miaka michache baadaye akatangaza siasa ya uasilia, ile iliyoitwa authenticité. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yakapigwa marufuku, na Joseph akalazimika kutafuta jina la babu yake. Kardinali Joseph Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, alipopinga, alilazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Mwaka 1974 Noeli yenyewe ikaondolewa kwenye sikukuu za taifa: tarehe 25 Desemba watu walikwenda kazini kama siku nyingine. Katika hewa hiyo ndipo Agosti mosi ilipozaliwa. Kumbukumbu ya wafu ikatolewa mikononi mwa kanisa na mwezi wa Novemba, ikaunganishwa na heshima kwa wazazi walio hai, ikawa mali ya taifa.

Sidhani ilikuwa hila tupu. Mobutu alimwenzi mama yake kuliko kitu chochote. Mama Yemo alifariki mwaka 1971, na hospitali kuu ya Kinshasa ikabeba jina lake kwa miaka mingi. Lakini hila ilikuwemo. Dola lililotaka kujiita baba wa wote lilihitaji siku ambayo watoto wote wanapiga goti.

Sasa hesabu sikukuu za utawala ule. Mei 20 ilikuwa ya chama cha Mobutu, MPR. Oktoba 14, siku aliyozaliwa Mobutu mwenyewe. Oktoba 27, siku ya jina la Zaire. Novemba 24, siku ya mapinduzi. Zote zimekwisha, pamoja na suti za abakosti na nyimbo za kumsifu. Ukimuuliza kijana wa Mangobo Novemba 24 ni siku gani, atakuambia ni siku ya mvua. Noeli imerudi mahali pake. Agosti mosi peke yake ilivuka mwaka 1997, Kabila baba alipoingia, ikavuka vita, ikavuka marais, na leo haiulizwi na mtu.

Nadhani ilivuka kwa sababu dola halikuanzisha kitu. Lilikuta jambo linaendelea, likalipa tarehe. Kaka yangu ana binti wa miaka minne anayebeba jina la mama yetu marehemu. Hamwiti kwa jina. Humwita "mama", na anapomkaripia humkaripia kwa adabu, kama mtu anayeogopa kujibiwa. Hiyo ndiyo habari ya ndoyi: jina halipumziki, linapita kwa mwingine, na aliyelibeba anadai heshima ya aliyeliacha. Watu wa namna hiyo hawahitaji amri ya serikali ili wakumbuke. Walihitaji siku ya mapumziko tu.

Tarehe yenyewe, nakiri, inawafaa zaidi watu wa Kinshasa. Kule Agosti ni kiangazi, majani yamekauka, njia za makaburini hazina tope. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, majani yanaota mwaka mzima, na kaburi lililofagiliwa Agosti huwa kichaka kabla ya Noeli. Ndiyo maana hapa kupe-kupe ni chombo cha ibada sawa na mshumaa.

Makanisa yalifanya nini na siku yaliyonyang'anywa? Yaliichukua tena, kila moja kwa njia yake. Wakatoliki hawakuacha Novemba mbili, lakini Agosti mosi misa husomwa asubuhi na mapema, na waumini hutoka kanisani moja kwa moja kwenda makaburini. Zaidi ya hapo, kanisa la Kongo lilikuwa limeshaanza kazi kubwa zaidi. Tarehe 30 Aprili 1988 Roma iliidhinisha Misale ya Kirumi kwa Majimbo ya Zaire, ile tunayoiita riti ya Zaire. Mwanzoni mwa misa, baada ya kuwaita watakatifu, kusanyiko linawaita pia wahenga waliomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Hebu fikiria maana yake. Bibi yangu mzaa bibi, aliyekufa kabla ya kumwona padri hata mmoja, anaitwa pamoja na Petro na Paulo. Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Francis aliadhimisha misa ya riti hiyo katika basilika la Mtakatifu Petro. Mobutu alitaka kuwatoa wahenga kanisani awaweke kwenye chama. Malula na wenzake wakawarudisha, tena mpaka altareni.

Waprotestanti wa asili ya Yakusu, misheni ya Wabatisti iliyo chini kidogo ya mto, wana msimamo wa katikati: kaburi husafishwa, sala huelekezwa kwa Mungu peke yake. Makanisa ya uamsho ni makali zaidi. Wapo wachungaji wanaofundisha kwamba kuzungumza na kaburi ni kufungua mlango kwa pepo, na kwao Agosti mosi yote ni ya walio hai: wazazi huitwa mbele, hupakwa mafuta, hupewa sabuni na kikwembe, na kusanyiko hupiga makofi. Wanaisimamia amri ya kumheshimu baba na mama, wakikumbusha kwamba ndiyo amri ya kwanza yenye ahadi ya maisha marefu. (Mkatoliki huihesabu ya nne, Mprotestanti ya tano. Nimesikia watu wawili wenye shahada wakibishana juu ya hilo kwenye meza ya bia ya Primus hadi giza likaingia.)

Waislamu wa mji huu ni wa zamani. Wako hapa tangu enzi za Tippu Tip, aliyefanywa wali wa Stanley Falls mwaka 1887, na Kiswahili tunachozungumza kilikuja kwa njia hiyo hiyo ya mto. Kwao kuwaombea wazazi rehema, kwa jinsi walivyomlea mtu akiwa mdogo, ni dua ya kila siku. Mzee mmoja wa msikitini aliniambia akicheka: serikali imetupa siku moja, Mungu alikuwa ameshatupa mia tatu na zaidi. Hata hivyo siku hiyo naye hufunga duka.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo watu hulipita. Sheria ya Familia ya nchi hii, namba 87-010, ilitiwa saini tarehe 1 Agosti 1987, siku hiyo hiyo ya wazazi. Inawataka watoto wawatunze wazazi walio katika shida. Tena inawaweka watoto wa marehemu mbele ya ndugu zake: robo tatu za urithi ni zao. Wanaojua matanga yetu wanaelewa kwa nini sheria hiyo ilihitajika. Mara ngapi tumeona mjomba analia kwa sauti kaburini asubuhi, na mchana anahesabu mabati ya nyumba ya yatima? Sheria ilifanyiwa marekebisho mwaka 2016, lakini mabati bado yanahesabiwa.

Mchana, basi. Kufikia saa nane udongo umeshaoshwa miguuni na lituma imeshatwangwa. Samaki wa Wagenia, sombe, kuku kwa aliyejaliwa. Mtoto aliye mbali hutuma pesa kwa simu na hupigiwa kelele za furaha kwenye spika. Mama huvaa kikwembe kipya hata kama bado kina gundi ya dukani. Nimeona baba mmoja wa Kabondo, mtu asiyecheka, akipewa shati na wanawe; alilikunja, akalifungua, akalikunja tena, kisha akaenda nyuma ya nyumba kwa muda mrefu.

Lakini ili kuielewa siku hii katika Kisangani, lazima nirudi makaburini, kwa sababu mji wetu una wafu wengi wasio na makaburi.

Mwezi Agosti 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, ulipokuwa bado Stanleyville. Novemba 24 mwaka huo askari wa miavuli wa Ubelgiji waliteremka. Kabla na baada ya siku hiyo watu waliuawa na wa upande huu na wa upande ule, na familia nyingi hazikupewa hata nguo ya kuzika. Miaka mitatu kabla ya hapo, Lumumba, aliyewahi kuwa karani wa posta hapa na kisha kiongozi wa MNC, aliuawa Katanga na mwili wake ukayeyushwa kwa asidi. Wanawe walisubiri hadi Juni 2022, Ubelgiji iliporudisha jino moja. Jeneza lenye jino hilo lilipita hapa Kisangani kabla ya kuzikwa Kinshasa, na watu walijipanga barabarani kama wanavyojipanga kwa baba.

Halafu vita vya Juni 2000. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji usio wa yeyote kati yao. Makombora zaidi ya 6,000 yalianguka, na hata kanisa kuu la Mama wa Rozari liliguswa. Raia walikufa kwa mamia. Wengi walizikwa uani, chini ya mwembe, karibu na jiko, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kubeba maiti barabarani. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325, na mfuko wa kugawa fidia hiyo, FRIVAO, una makao yake hapa mjini. Foleni zake ni ndefu. Kwa familia hizo, Agosti mosi hufanyika nyumbani: wanafagia uwanja, wanafika mahali fulani, wanafagia polepole.

Na ng'ambo ya mto, Lubunga, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uliozuka Februari 2023 uliwafukuza watu vijijini mwao. Wanajua makaburi yao yalipo. Hawawezi kuyafikia.

Sheria ya Desemba 2022 iliongeza siku nyingine ya taifa mara tu baada ya hii: Agosti mbili, Genocost, ya kuwakumbuka waliouawa katika vita vya nchi hii kwa ajili ya mali iliyo ardhini. Ilichaguliwa kwa sababu vita vya pili vya Kongo vilianza Agosti 2, 1998. Kisangani iliangushwa tarehe 23 mwezi huo huo. Hakuna aliyepanga zifuatane, lakini hapa kwetu zimekuwa kama usiku na mchana wake: leo unamshukuru aliyekuzaa, kesho unamlilia aliyeuawa, na mara nyingi ni mtu mmoja.

Mobutu mwenyewe amelala Rabat, Morocco, tangu Septemba 1997. Kila Agosti mosi Wakongomani wanalima makaburi ya wazee wao. Lake liko kwa watu wengine.

Yule koko alimaliza kaburi la mama yake mnamo saa tatu. Alilipaka chokaa pande nne, akawasha mshumaa, akasema maneno ambayo sikutaka kuyasikia. Kisha, badala ya kuondoka, akahamia kaburi la jirani, lisilo na msalaba wala jina, lililozama chini ya majani, akaanza tena. Nilimuuliza ni la nani.

"Sijui," alisema. "Baba alipotea wakati ya Simba. Pengine iko mutu kule anamulimia."

Mmoja wa wale vijana wa mlangoni alikuwa amesimama anatutazama. Akaja, akapiga magoti upande wa pili wa kaburi, akaanza kukata, na habari ya bei hakuitaja tena.