Agano Lililokatwa, Nchi Iliyofunuliwa: Msamiati wa Kiebrania wa Uhamisho na Hukumu

Kuanguka kwa Samaria mikononi mwa Waashuru mnamo 722 KK na kuteketezwa kwa Yerusalemu na Wababeli mnamo 586 KK ni matukio ambayo mwanahistoria anaweza kuyaeleza kwa kodi, uasi na siasa za madola makubwa. Manabii wa Kiebrania waliyaeleza kwa lugha ya kisheria: palikuwa na agano, likavunjwa, hukumu ikapitishwa. Makala haya yanadai kwamba uhusiano huo kati ya agano na uhamisho haukujengwa kwa hoja za kitheolojia peke yake. Ulijengwa pia kwa maneno yenyewe, kwani mara nyingi neno moja hubeba kosa na adhabu yake.

Kwa Kiebrania, agano (berit) hukatwa. Kitenzi chake ni karat. Yeremia 34 inasimulia jinsi mfalme Sedekia, wakati wa vita vya Nebukadreza dhidi ya Yerusalemu, alivyokata agano na watu ili watumwa wa Kiebrania waachwe huru. Ndama alipasuliwa vipande viwili, nao walioapa wakapita katikati. Karat inatumika kwa agano na kwa ndama pia, hivyo kwamba hali ya mnyama yule inakuwa onyo kwa mwenye kuapa. Mabwana walipowarudisha watumwa wao, nabii aliligeuza neno la tangazo lao, deror, yaani uhuru: kwa kuwa hawakuwatangazia ndugu zao uhuru, Mungu anawatangazia wao uhuru wa kuangukia upanga, tauni na njaa. Kitenzi shuv, kugeuka au kurudi, nacho kinapita katika sura nzima. Watu waligeuka wakatenda haki, wakageuka tena wakaivunja, na jeshi la Babeli lililokuwa limeondoka litarudishwa.

Uhamisho wenyewe unaelezwa kwa mzizi g-l-h, ambao hutoa nomino gola na galut. Umbo hilohilo lina maana ya kufunua au kuweka wazi. Wataalamu hawakubaliani kama huu ni mzizi mmoja au ni miwili inayofanana kwa sauti, lakini waandishi wa kale waliutumia mfanano huo kwa makusudi. Katika Mika 1, misingi ya Samaria inafunuliwa. Sura inapofungwa, wana wa Yuda wanahamishwa. Maombolezo 4:22 inaziweka maana zote mbili katika aya moja: Sayuni haitahamishwa tena, bali dhambi za Edomu zitafunuliwa. Kuhamishwa, kwa mtazamo huo, ni kuvuliwa stara: nchi hubaki wazi, na kosa lililositirika huonekana.

Katika aya hiyohiyo kipo kitenzi paqad, chenye maana ya kumwangalia mtu, kumkagua au kumjia. Katika Kutoka 20:5 ndicho kinachoeleza adhabu ya maovu ya baba juu ya wana. Katika Yeremia 29:10 ndicho kinachoahidi kurejeshwa kwa waliohamishwa baada ya miaka 70. Anayeadhibu na anayerejesha wanatenda tendo moja, na tofauti iko katika hali ya yule anayejiwa.

Biblia ya Kiswahili ya Muungano ya 1952 ililazimika kulitenganisha tendo hilo: kuna kupatiliza katika Kutoka, na kujilia katika Yeremia. Vivyo hivyo, kuhamisha na kufunua ni vitenzi visivyo na undugu wa sauti wala wa mzizi. Neno agano, kwa upande wake, linatokana na -agana, na kiambishi cha kutendana kinasisitiza pande mbili zilizoridhiana. Agano la Kiswahili hufanywa au huwekwa, kisha huvunjwa. Halina makali ya kisu yanayomrudia mwenye kulivunja.

Tafsiri hiyo haikukosea, kwani kila chaguo lake ni sahihi mahali pake. Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili huona mfuatano wa sababu na matokeo pale ambapo msikilizaji wa Kiebrania alisikia neno lilelile likirudi. Kwa hiyo, uchambuzi wa hukumu ya agano unaotegemea matini ya Kiswahili pekee unaweza kuipa adhabu sura ya tukio lililotoka nje, ilhali kwa manabii adhabu ilikuwa tayari ndani ya maneno ya kiapo.