Kagome na Macho ya Dema

Neno "kagome" liliingia katika fizikia mwaka 1951, Mjapani Itiro Syôzi alipochapisha makala juu ya pembetatu zinazogusana penye ncha na kuzunguka tundu la pembe sita. Lilitoka kwa wasuka vikapu: kago ni kikapu, me ni jicho.

Hebu sasa tazama dema la wavuvi wetu, hapa Mbaraki ambapo nguzo ya matumbawe inaelekea Kilindini. Fito hupishwa njia tatu, na pembe sita zile zile hutokea. Nasi pia matundu ya wavu huyaita macho!

Tangu 2019 wanafizikia wameshughulishwa na metali ya sesiamu, vanadiamu na antimoni, ambamo atomi za vanadiamu zimepangwa hivyo. Ikipoozwa hadi nyuzi 179 hivi chini ya sifuri, elektroni hujaa huku, hupungua kule, kama wimbi lililoganda. Atomi nazo husogea kidogo. Bado wanabishana: je, mtetemo wa atomi ndio unaozisukuma elektroni, ama elektroni zenyewe ndizo chanzo?

Mpangilio huo mimi nauita "kimia cha dema". Madema ya waya yanazidi, kwa hivyo kamati za istilahi zimwendee msusi wa fito mapema, akawatajie jina la kila pindo.