Majeruhi wa Nyangwe: nani aangaliwe kwanza?

Watu wakitaja Nyangwe katika vitabu, wanataja mambo mawili: soko na mauaji. Sisi walimu tunafundisha somo hilo kila mwaka: tarehe 15 Julai 1871, Livingstone, bunduki, mto Lualaba. Mwanafunzi anaandika hesabu ya wafu, tunampa alama zake, somo limekwisha. Lakini kuna watu ambao somo halisemi habari yao, nao ni majeruhi. Aliyekufa analiliwa, aliyejeruhiwa bado anaweza kuokolewa. Ndiyo sababu tunataka kueleza hapa namna majeruhi walivyookolewa kwetu zamani, na utaratibu ambao waganga wa leo wanaufuata.

1. Siku ya soko

Nyangwe iko ukingoni mwa Lualaba, upande wa kuume. Wamama walivuka kwa mitumbwi wakileta samaki, vyungu, mihogo, mawese na kuku. Siku ile walikuwa sokoni watu karibu 1500, pungufu kuliko kawaida, sababu vijiji vya ng'ambo vilikuwa vinachomwa moto. Watu wa Dugumbe walianza kupiga bunduki katikati ya soko, na wengine wakawapiga wale waliokimbilia mitumbwi. Mitumbwi ikabanana kijitoni. Watu wakajitupa majini, wakaogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali. Waarabu wenyewe walikisia wafu kuwa 330 mpaka 400.

Tuangalie vizuri: siyo risasi peke yake iliyoua. Wengi waliuawa na maji, maana yake walikosa pumzi. Livingstone anaandika tena kwamba Dugumbe mwenyewe alitia watu katika mtumbwi, wakaopoa watu 21. Mama mmoja alikataa kupanda. Alifikiri wanataka kumfanya mtumwa, akaona heri kuogelea. Kwa hiyo tunapata mafundisho mawili: pumzi ndiyo inayotangulia, na majeruhi hashiki mkono asiouamini.

2. Dawa na mikono ya wazee

Kabla ya siku ile, mwaka 1870, Livingstone alikwama miezi mingi Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, juu ya vidonda vya miguu. Yeye alikuwa daktari, lakini dawa zake hazikutosha. Kilichomsaidia ni jiwe la kijani la shaba, malakiti, kutoka Katanga, lililosagwa na maji na kupakwa kwa unyoya. Hivi, hata daktari wa Uingereza alisaidiwa na dawa ya huku.

Wazee wetu wana ufundi mwingine: kuunga mifupa kwa magango ya vijiti na kamba, na kubeba mgonjwa kwa tipoyi, watu wakipokezana mabega. Bila tipoyi na mtumbwi wa Wagenia, wangapi wangefika kwa mganga?

Ila mfupa siyo jambo la kwanza. Tena Livingstone ni mfano. Mwaka 1844 simba alimvunja mkono wa kushoto, karibu na bega, na mfupa haukuunga vizuri. Aliishi hivyo miaka 29. Mwaka 1874, maiti yake ilipofika London, ni mfupa huo uliowajulisha madaktari kwamba ni yeye kweli. Mfupa mbaya unaweza kungoja miaka. Pumzi haingoji dakika kumi.

3. Utaratibu wa waganga

Katika desturi yetu, mkubwa anatumikiwa kwanza. Kwa majeruhi, hapana. Larrey, mganga wa jeshi la Napoleon, aliweka kanuni hii: aliyeumia vibaya zaidi ahudumiwe kwanza, bila kuangalia cheo wala taifa. Tena siyo yule anayelia sana. Anayelia, angalau pumzi anayo. Tumtafute yule aliyenyamaza.

Kwanza, njia ya hewa. Kama mdomoni kuna damu au matapishi, yaondolewe, taya liinuliwe. Aliyeanguka toka mti wa ngazi au pikipiki asikunjwe shingo. Mtu mmoja amshike kichwa bila kukitikisa.

Pili, pumzi yenyewe. Kifua kinapanda pande zote mbili? Anapumua mbiombio?

Tatu, damu. Kitambaa safi kibanwe kwa nguvu juu ya kidonda, bila kuachilia kila mara ili kuchungulia. Ngozi baridi, jasho, kiu, mapigo ya moyo ya mbio na dhaifu: ni alama kwamba damu inamwisha, hata kama haionekani nje, kwani inaweza kumwagika tumboni.

Nne, akili. Yuko macho? Anajibu akiitwa? Anashtuka akiumizwa tu? Au hasikii kitu? Waganga wana kipimo cha Glasgow, cha mwaka 1974, chenye alama 3 mpaka 15. Asiyejitambua asipewe maji ya kunywa.

Tano, mwili wote uangaliwe, mgongo pia, halafu afunikwe asipate baridi. Ni hapo sasa magango yanapoingia. Majivu na udongo visitiwe kidonda. Ndiyo njia ya pepopunda.

Kuna jambo ambalo wabebaji wanalisahau: saa ya ajali. Utafiti mkubwa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba dawa inayoitwa asidi ya traneksamiki inapunguza vifo vya kutokwa damu, lakini inapashwa kutolewa kabla ya saa 3 kupita. Mganga atauliza: aliumia saa ngapi? Mbebaji awe na jibu.

4. Kituo na kijiji

Mwaka 1971, miaka mia moja baada ya mauaji, Kasongo ilianza kazi pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerpen: vituo vya afya karibu na watu, na hospitali moja ya kupokea wagonjwa wazito. Mfano huo ulisaidia nchi nzima kupanga zone za afya. Vita vya 1998 mpaka 2003 viliharibu mengi, na majeruhi waliongezeka pale dawa zilipopungua.

Hata leo jamaa nyingine zinasita kumpeleka mtu hospitalini juu ya kuogopa malipo. Tukumbuke yule mama wa Lualaba. Kazi ya mganga ni kupokea kwanza, mengine baadaye. Kazi ya kijiji ni kuwa na tipoyi tayari, na sanduku la pamoja la kusaidia. Muunga mifupa na mganga wa kituo wasigombane: kila mmoja ana zamu yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tuendelee kufundisha hesabu ya wafu wa 1871. Lakini tuwafundishe watoto wetu pia hesabu ya wale 21, na namna ya kuiongeza.