Si Plastiki, ni Ufinyanzi

"Daktari, hiyo plastiki itakaa mwilini mwangu miaka mingapi?"

Aliyeuliza ni mama mmoja wa Isebania, kaunti ya Migori. Alikuwa ameungua shingo kwa moto wa mafuta ya taa. Kidonda kilifunga, lakini kovu lilijikunyata likakivuta kidevu kuelekea kifuani, hata kutazama dari ikawa kazi. Mimi ndiye niliyemtafsiria fomu ya kukubali kupasuliwa, na nilikuwa nimeandika "upasuaji wa plastiki". Kwake, plastiki ni ndoo, jagi, na ile mifuko iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2017. Aliogopa, na hofu ile niliitia mimi kwa neno moja.

Neno lenyewe ni la kale kuliko ndoo. Linatokana na Kigiriki, plastikos, yaani kinachofinyangika. Mwaka 1818 daktari Mjerumani Karl Ferdinand von Gräfe alitoa kitabu chake kuhusu kuunda pua upya, akakiita Rhinoplastik. Bakelite, plastiki ya kwanza iliyotengenezwa kiwandani kutokana na kemikali tupu, ilibuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907. Upasuaji ndio uliotangulia kulichukua jina. Ndoo zikaja baadaye. Vyote viwili vimeitwa hivyo kwa sababu moja: vinapokea umbo.

Kando ya Ziwa Victoria, maana hiyo haihitaji kamusi. Akina mama wa Kiluo wamefinyanga vyungu huku kwa vizazi vingi, na katika Kiluo kitenzi chweyo hutumika kwa chungu na kwa Mungu aumbaye. Kiswahili nacho kina kufinyanga. Ukimwambia mgonjwa kwamba daktari ataifinyanga upya sehemu iliyoharibika, kwa nyama na ngozi yake mwenyewe, ameelewa.

Wengine husema "upasuaji wa urembo". Neno hilo ni sahihi kwa tawi moja tu: pua iliyonyooshwa, tumbo lililopunguzwa, matiti yaliyoinuliwa, kwa mtu ambaye mwili wake unafanya kazi vizuri lakini anataka sura nyingine. Haja hiyo ni halali. Lakini ukiliita shina lote urembo, mvuvi wa Mbita aliyeungua mkono hadi vidole vikashikana atadhani huduma hiyo ni ya matajiri wa Nairobi. Mzazi wa mtoto mwenye mdomo sungura naye ataona haya kuomba. Ilhali kazi hii ina mizizi mirefu kwetu. Waasisi watatu wa shirika la afya la AMREF mwaka 1957, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote walikuwa mabingwa wa upasuaji huu.

Kwa hiyo napendekeza "upasuaji wa kurekebisha umbo" liwe jina la shina. Chini yake yawe matawi mawili: wa kutengeneza kilichoharibika au kilichozaliwa na kasoro, na wa urembo. Na kila tunapolieleza, tutumie kufinyanga, kwa sababu neno hilo linafundisha pia matayarisho na uuguzaji.

Mfinyanzi huanza kwa kuchagua na kuusafisha udongo. Mgonjwa naye hupimwa damu. Katika ukanda huu wa ziwa haifai kusahau malaria, upungufu wa damu na selimundu. Hutaja kila dawa anayotumia, za miti shamba zikiwemo, na kama huwa anaota makovu manene. Huacha sigara wiki kadhaa kabla, kwa maana moshi hunyima ngozi damu. Siku yenyewe hali chakula kwa saa alizoambiwa, hata kama ni uji kidogo tu.

Chungu kibichi hakianikwi juani wala hakiharakishiwi moto. Hukauka taratibu kivulini. Nyumbani nako ni hivyo. Kabla ya kwenda hospitali, familia ikubaliane: nani atateka maji, nani atapika, nani atawaangalia watoto, gari gani litamrudisha badala ya bodaboda. Chandarua kiwe tayari, na shuka safi. Kidonda kisiguswe na maji ya ziwa wala moshi wa jikoni. Kovu changa lifunikwe jua likali kwa mwaka mzima hivi, lisije likaiva kwa weusi. Homa, usaha, harufu mbaya, mguu kuvimba au pumzi kukata ni safari ya hospitali siku ileile.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Shingo iliyopandikizwa ngozi huvalishwa mkanda na kunyooshwa kila siku kwa miezi, kovu lingali laini. Likishakomaa, limeshika umbo lake. Kupona ni kwa mgonjwa, lakini kuuguza ni kwa nyumba nzima.

Niliifuta ile fomu nikaandika upya. "Mama, hakuna plastiki," nikamwambia. "Watachukua ngozi nyembamba pajani mwako, wakufinyangie shingo." Alijigusa paja, kisha shingo, akataka kujua atakaa siku ngapi bila kubeba mtungi. Hilo ndilo swali nililotamani aulize tangu mwanzo. Tukaanza kuhesabu wiki, na kumtafuta wa kuteka maji.