Otis Redding Katika Tamasha la Monterey, 1967

Katika orodha ya wanamuziki walioalikwa kwenye tamasha la Monterey, jimbo la California nchini Marekani, tarehe 16 hadi 18 Juni 1967, lilikuwamo jina ambalo wengi wa waliokata tikiti walilijua kwa mbali tu: Otis Redding. Vijana wale, wengi wao Wazungu, walikuja hasa kuwasikiliza Jefferson Airplane na vikundi vingine vya San Francisco. Pamoja nao walitajwa Ravi Shankar wa India na Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika ya Kusini aliyekuwa uhamishoni. Baada ya tamasha ikasemwa kwamba mwimbaji mpya amegunduliwa. Hapana budi kuuliza: mpya kwa nani?

Redding alizaliwa Dawson, Georgia, mwaka 1941, akakulia mjini Macon na kuimba katika kwaya ya kanisa. Mwaka 1962 alifika Memphis akiwa dereva wa mpiga gitaa Johnny Jenkins, aliyekwenda kurekodi katika studio ya Stax. Muda ukabaki, dereva akaruhusiwa kujaribu sauti yake, akaimba “These Arms of Mine”. Tangu hapo Wamarekani Weusi walimjua vizuri, na hata Ulaya alikuwa amekwisha shangiliwa. Lakini nchini mwake vituo vya redio, na hata orodha za santuri zilizouzika sana, zilitenganishwa kwa kufuata rangi za wasikilizaji. Wimbo uliweza kuutikisa upande mmoja wa mji, na upande wa pili usiusikie kamwe.

Mfano ulio wazi ni “Respect”. Redding aliutunga na kuutoa mwaka 1965, ukapendwa na Weusi wenzake. Kisha Aretha Franklin akauimba upya, na mwezi huohuo wa Juni 1967 ukashika nafasi ya kwanza nchini kote. Basi wengi pale Monterey waliujua wimbo wasimjue mtungaji. Mwenyewe aliwatania jukwaani kwamba kuna msichana kampokonya.

Ilikuwa usiku wa Jumamosi, tarehe 17, umekwenda sana, na manyunyu yakianguka. Nyuma yake walisimama Booker T. and the M.G.'s, wapigaji wanne, wawili Weusi na wawili Weupe, wamevaa suti mbele ya umati uliojipamba kwa maua na shanga. Aliimba nyimbo tano tu. Katika “I've Been Loving You Too Long” alikuwa akinyamaza ghafula, muziki nao ukanyamaza, watu wakabaki kungoja. Akamalizia na “Try a Little Tenderness”, wimbo wa miaka ya 1930 uliozoeleka kuimbwa kwa ulaini. Alianza kwa upole, ngoma ikigongwa kama saa ya ukutani; mwendo ukapanda hatua kwa hatua, tarumbeta zikaingia, hata mwisho hapakuwa na wimbo wa ulaini tena, na umati wote ulikuwa umesimama.

Wanafunzi hutuuliza muziki huu, soul, tuuiteje. “Muziki wa roho” ni tafsiri sahihi kwa kamusi, ila haimwelezi mtu kitu. Kwa maoni yangu ni afadhali jina libaki lilivyo, mwalimu aeleze asili yake: mhubiri huanza taratibu, waumini wakamwitikia, akapanda nao mpaka maneno yakageuka vilio. Redding aliyatoa hayo kanisani akayatia katika nyimbo za mapenzi. Aliyemsikia Monterey hakuhitaji tafsiri.

Mwezi wa Agosti alikaa katika nyumba ya mashua huko Sausalito, ng'ambo ya San Francisco, akaanza kutunga “(Sittin' On) The Dock of the Bay”, wimbo mtulivu kuliko alivyozoea. Aliurekodi Novemba na mwanzoni mwa Desemba. Tarehe 10 Desemba 1967 ndege yake ilianguka katika ziwa Monona, Wisconsin, akafa akiwa na umri wa miaka 26. Santuri ilitoka Januari 1968, na mwezi wa Machi ikawa ya kwanza katika orodha ya nchi nzima, nafasi ambayo hakuipata hata mara moja katika uhai wake. Mwaka huohuo filamu ya tamasha, iliyopigwa na D. A. Pennebaker, ikaanza kuonyeshwa, na watazamaji waliingia kumwona mwimbaji mpya aliyekuwa amekwisha zikwa Georgia.