Kinga dhidi ya virusi vya kompyuta Kasongo na Kabambare

Virusi vya kompyuta viliingia kusini mwa Maniema, jimbo la mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa barabara. Mahali pengi duniani vilipita kwenye nyaya za intaneti, lakini Kasongo na Kabambare vililetwa zaidi mfukoni, ndani ya flashi na kadi za kumbukumbu za simu. Ndiyo maana kuchagua programu ya kinga huko si sawa na kuichagua Nairobi au Brussels, na mashauri mengi yanayotolewa kwa watu wenye intaneti ya kudumu hayamfai mkazi wa Maniema.

Eneo hilo lina historia ndefu ya kupokea mambo kwa njia ya nchi kavu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Ujiji ilivuka Ziwa Tanganyika hadi Mtowa, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo, ngome ya mfanyabiashara wa pembe na watumwa Tippu Tip, na Nyangwe kando ya mto Lualaba. Pembe za ndovu na watu waliotekwa walipelekwa mashariki. Nguo, bunduki na Kiswahili vikaja magharibi. Leo nyaraka, nyimbo na filamu hufika na wasafiri kutoka Kindu na Bukavu.

Njia hiyo ya mkono kwa mkono ndiyo iliyokuwa ya kwanza hata katika historia ya virusi vyenyewe. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika Brain, kirusi cha kwanza kuenea katika kompyuta za aina ya IBM PC. Kilijificha kwenye sehemu ya disketi inayosomwa kwanza, kikazunguka dunia bila intaneti yoyote. Kinga nazo zilizaliwa katika mazingira hayohayo. Mjini Prague, mwaka 1988, Pavel Baudiš alitengeneza programu ya kuondoa kirusi kilichoitwa Vienna, na pamoja na Eduard Kučera akaanzisha kazi iliyozaa Avast. Mwaka 1991 kampuni iliyotengeneza AVG ikaanza mjini Brno. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zote mbili zilikuwa na toleo la bure kwa matumizi ya nyumbani, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa nchi ambako watu wengi hawana kadi ya benki ya kulipia leseni.

Miaka hiyo Maniema ilikuwa katika vita vilivyoanza 1996, vikarudi 1998 na kumalizika rasmi 2003. Kompyuta zilizopatikana baadaye, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, zilikuta flashi imeshachukua nafasi ya disketi. Pamoja nayo ulikuwapo mlango ulioachwa wazi. Windows XP ilisoma faili ndogo iitwayo autorun.inf iliyowekwa kwenye flashi, na kirusi kiliweza kuitumia ili kiamshwe mara flashi inapochomekwa au kufunguliwa. Conficker, kilichotokea Novemba 2008 na kuambukiza mamilioni ya kompyuta, kilitumia mlango huo pamoja na kasoro ambayo Microsoft ilikuwa imeitolea dawa mwezi mmoja kabla. Asiye na intaneti hakuipata dawa hiyo. Mwenye Windows ya wizi naye mara nyingi alizima masasisho kwa kuogopa kugunduliwa, akabaki na kasoro hiyo kwa miaka.

Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuifunga autorun ya flashi kwenye Windows XP na Vista. Windows 7 ilikuwa imeifunga tangu kutoka kwake 2009. Hatua hiyo ndogo ilisaidia sana. Waandishi wa virusi wakabadili mbinu: kirusi kikaficha mafaili ya mwenye flashi na kuweka mahali pake alama za mkato zenye majina yaleyale. Mtu akibofya alama hiyo, faili lake hufunguka kama kawaida na kirusi huanza kazi kimyakimya. Wengi walidhani kazi zao zimepotea, wakafuta flashi nzima, ilhali mafaili yalikuwa humo yamefichwa tu. Mwaka 2023 kampuni ya usalama ya Mandiant ilieleza kuwa wadukuzi walikuwa wakiingia katika mashirika kupitia flashi hasa kwenye matawi yao katika nchi za Afrika, zikiwemo Kenya na Tanzania, na ikavitaja vibanda vya kuchapa na intaneti kafe kuwa sehemu za maambukizi.

Wakati huohuo kinga zilikuwa zikihamia upande mwingine. Zamani programu ilibeba orodha ya alama za virusi ndani ya kompyuta. Sasa nyingi huuliza kompyuta kubwa za kampuni kupitia intaneti kabla ya kutoa hukumu. Taasisi ya AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, hupima uwezo wa kugundua virusi intaneti ikiwepo na isipokuwepo, na kwa baadhi ya programu pengo ni kubwa. Kwa mkazi wa Kabambare anayenunua megabaiti kidogo kidogo, kipimo cha bila intaneti kina uzito kuliko tuzo yoyote iliyochapwa kwenye boksi.

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kinga kamili ya Microsoft imo ndani ya Windows yenyewe bila malipo, na orodha yake ya virusi hutolewa pia kama faili moja linaloweza kupakuliwa mjini na kubebwa kwa flashi safi. Anayetaka nyingine achague ya bure yenye matokeo mazuri bila intaneti na inayokubali kusasishwa kwa faili. Programu ya kulipiwa iliyovunjwa leseni haifai kabisa, kwa kuwa kifaa cha kuivunjia mara nyingi ndicho kilichobeba kirusi. Wala kinga mbili zisiwashwe pamoja: hugombana, huilemea kompyuta kuukuu na kumaliza betri inayochajiwa kwa jua au jenereta.